Gereji Isiyo na Gari

Gereji ile ilijengwa kwa ajili ya gari, na gari halikuja. Fundi alikuwa amestaafu kazi ya reli, ambako alitengeneza viti na madirisha ya mabehewa, na nadhani alipokuwa akiijenga nyumba yake pale Voi alikuwa bado na umri wa kuamini kwamba mtu akistaafu hununua gari. Nilipohamia nyumba ya jirani, miaka ya sabini ilipoanza, bawaba za mlango wa gereji zilikuwa zimeshashika kutu. Ndani mlikuwa na mbao, maranda hadi kifundo cha mguu, misumeno ya mkono iliyoning'inia ukutani kuanzia mkubwa hadi mdogo, na yeye mwenyewe.

Mimi nilikuwa muuguzi hospitalini. Mtaa mzima uliniita Sista, na yeye pia, ingawa kwa umri angeweza kunizaa. Mimi nilimwita Fundi. Mkewe nilimwita Mama Wakesho, kwa jina la binti yao aliyekuwa ameolewa huko Bura. Tulitengwa na ua wa michongoma ambao haukuzuia chochote, wala kuku, wala maneno, wala vumbi jekundu la Voi ambalo huingia hata ndani ya sukari.

Fundi hakuketi kazini. Ajabu ilikuwa hiyo, kwa mtu aliyeishi kwa kutengeneza viti. Chai alikunywa wima, mgongo ameuegemeza kwenye mwimo wa mlango, na mgeni akimletea stuli aliisogeza kwa mguu mpaka ukutani. Kanisani alitengeneza mabenchi bure, yakapangwa hadi nyuma, kisha kila Jumapili akasimama mlangoni mpaka ibada ikaisha. Niliwahi kumuuliza sababu. Akanijibu kwamba akikaa juu ya benchi lake atasikia kila mlio wa kila kiungo, na neno la Mungu halitampata.

Kwa mbao alikuwa na subira ya kushangaza. Ubao ulioletwa kutoka milimani ukiwa mbichi aliuacha juu ya kenchi za paa mpaka akauridhikia mwenyewe, na mteja angoje. Kwa watu hakuwa na subira hata kidogo. Chifu mmoja alimtaka meza kabla ya mkutano fulani, akaja kuulizia, akaja tena, na safari ya tatu Fundi akamwambia aende akakae chini ya mti wenyewe auombe uharakishe. Chifu alikasirika, akaondoka, na baadaye akarudi kuichukua meza kwa sababu hakukuwa na meza kama ile. Ndivyo alivyokuwa: aliwaudhi watu, nao wakarudi.

Na mashine hakuzipenda. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika karakana yenye mashine za kila aina, na alizisema kama mtu anavyowasema wakwe. Mashine, alisema, ni mkono wa asiye na mkono. Chuma hakijui kwamba umechoka. Chuma hakisamehi. Msumeno wa mkono ukikosea unakuchubua, unasema pole, unaendelea na kazi. Maneno hayo nimeyasikia mara nyingi kupitia michongoma ile, akiwaambia wateja waliomshauri anunue mota ili kazi iende mbio.

Kwa hiyo mtaa ulishangaa siku mkokoteni ulipotoka stesheni ukiwa umebeba sanduku kubwa la mbao, wapagazi wakitokwa jasho, na Fundi akitembea kando yake, mkono mmoja juu ya sanduku kama anayemsindikiza mgonjwa. Ndani ya sanduku mlikuwa na msumeno wa meza, mpya, bado una mafuta ya kiwandani. Ulikuwa meza ya chuma yenye ufa katikati, na ndani ya ufa huo msumeno wa duara unaozungushwa na mota, meno yake yakichungulia juu. Alikuwa ameuagiza Mombasa bila kumwambia mtu. Mama Wakesho, ambaye siku nyingi alitaka jiko liezekwe upya, alisimama uani na leso yake mabegani, akautazama, akaingia ndani kuendelea kupika. Hakusema kitu siku hiyo wala kesho yake. Alikuwa mwanamke aliyeuza mboga sokoni, akipanda Bura alfajiri na kuteremka na magunia ya kabichi, na uchovu wake ulikuwa wa aina ile ambayo haipotezi nguvu kwa ugomvi.

Kuuweka msumeno ule kukachukua muda ambao watu waliufanyia mzaha. Mtu mwingine angeufunga miguu, akachomeka waya, akaanza kupasua. Fundi aliuweka sakafuni, akaugusa, ukatikisika. Sakafu ya gereji ilimwagwa kwa mteremko, ili maji ya kuoshea gari litakalokuja yatiririke nje. Basi akachukua nyundo na tindo akavunja sakafu yote, akakoroga simiti mwenyewe, akamwaga upya. Simiti ilipokauka alipima kwa namna ambayo sikuwahi kuiona. Alitia maji kwenye karai, akaliweka juu ya meza ya chuma, akapitisha kidole ukingoni kuzunguka ndani ya karai, akisikiliza kwa ngozi maji yamepanda wapi na yameshuka wapi. Kisha akainama akatia kibanzi chini ya mguu mmoja, akarudia. Pimamaji yake, ile ya kioo yenye povu, ilikuwa imening'inia ukutani palepale.

Yale maelezo yaliyokuja na mashine, kijitabu cha Kiingereza, aliniletea mimi.

"Sista, nisomee," aliniambia. "Kiingereza chao kina kona nyingi."

Nikamsomea, nimekaa juu ya sanduku tupu, yeye amesimama. Nilisoma kuhusu mkanda wa mota, kuhusu kifuniko cha msumeno, kuhusu ule upau wa chuma ambao ubao huegemea unapopita ili mkato uwe wa moja kwa moja. Kilisema upau na msumeno lazima viwe sambamba kabisa, la sivyo ubao utabanwa na kurushwa. Aliniambia nirudie hapo. Baadaye nilimwona akiuzungusha msumeno kwa mkono, waya umechomolewa, kipande cha mti kimeegemea upau, amelaza sikio karibu kabisa na chuma, akisikiliza jino likikwaruza. Jino hilohilo alilipeleka mbele likakwaruza, akalirudisha nyuma likakwaruza, na milio ilipotofautiana alilegeza bolti akaanza tena. Nilifikiri ni ustadi. Ulikuwa ustadi kweli, lakini haukuwa huo peke yake.

Siku alipouwasha kwa mara ya kwanza balbu yangu iligeuka njano na redio ikazama kama iliyotiwa chini ya mto. Umeme wa mtaa wetu haukuwa na nguvu ya kulisha mota ile. Toka siku hiyo tulijua saa za kazi za Fundi kwa kuangalia taa zetu. Majirani walinung'unika, mimi nikazoea. Nilikuwa narudi kutoka zamu nikiwa hoi, najilaza, na mlio ule unaingia dirishani, unapanda, unashika ubao, unashuka, kisha unanyamaza. Nikalala nao.

Ilikuwa ni chai iliyonionyesha. Jumamosi moja Mama Wakesho alikuwa sokoni, nami nikaingia gerejini kuomba msumari. Fundi akasema ninywe chai kwanza, akashika birika akanimiminia. Chai ilimwagika kando ya kikombe, juu ya meza ya chuma, nayo ikaendelea kumwagika. Hakujua mpaka ilipomfikia kidoleni.

Nikamsogeza mlangoni kwenye mwanga, nikamtazama macho. Muuguzi hahitaji kuwa daktari kuona kitu kile. Mboni zote mbili zilikuwa zimeingia ukungu, mweupe kama maji ya mchele. Ndipo karai la maji likanielea, na lile sikio, na kile kijitabu. Mtu aliyesoma michoro ya Kiingereza ya mabehewa kwa miaka yote ile hakuwa na haja ya kusomewa na mimi.

"Fundi, huoni," nikamwambia.

Aliifuta chai kwa kiganja. Kisha akaeleza, kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja bei. Mstari wa penseli ndio uliopotea kwanza. Alikuwa akichora, akichukua msumeno wa mkono, na mstari haupo. Alianza kukata mapengo, akawa anayaficha kwa gundi na unga wa mbao. Ndipo alipokumbuka mashine za karakana. Mashine haihitaji mstari. Ukishaufunga upau mahali pake, ubao unapita sawa hata ukifumba macho. Vipimo alikuwa amejikatia vya mti, kimoja cha mguu wa kiti, kimoja cha ubao wa kitanda, akavitia alama za kucha ili avijue kwa kupapasa. Alichohitaji ni mashine iwekwe sawasawa mara moja, kabla giza halijafunga.

Nikamwambia ni mtoto wa jicho, na kwamba madaktari wa macho huja kutoka Mombasa kufanya upasuaji. Akakataa papo hapo. Mwenzake wa reli alikwenda kufunguliwa jicho, akarudi hana jicho. Yeye bado aliona mwanga wa mlango, aliona kivuli cha mtu, na hicho kidogo hakuwa tayari kukicheza kamari. Akaniomba nisimwambie mkewe. Nikamjibu kwamba siri ya mgonjwa naitunza, lakini kila nikimwona nitamwambia aende hospitali. Nami nikafanya hivyo, kwenye michongoma, kanisani, stesheni, mpaka akawa akinisikia nakuja anaanza kujibu kabla sijasema.

Mkewe hakuhitaji kuambiwa. Alikuja kwangu mwenyewe, jioni moja kabla jua halijazama, akaketi kwenye ngazi akivua viatu. Alikuwa amejua kabla ya mashine kuja, kabla hata Fundi mwenyewe hajakubali. Mwanamume aliyekuwa akiita "hilo gunia la kijani" sasa alikuwa anauliza gunia lina nini. Ndiyo maana hakugombana naye juu ya jiko.

"Usimwambie kwamba najua," alisema. "Akijua kwamba najua, ataacha kazi. Akiacha kazi, ataketi."

Na neno hilo la mwisho alilisema jinsi wengine wanavyosema kufa.

Kwa hiyo akawa anasimama upande wa pili wa mashine. Kila siku akitoka sokoni, miguu imevimba, alivaa aproni ya turubai akasimama huko ubao unakotokea, akaupokea. Kwa Fundi alijifanya anapenda harufu ya mbao za saiprasi. Kwa kweli alikuwa macho yake. Akiona ubao una msumari wa zamani, alisema tu kwamba huu ni mzito, tuchukue mwingine. Akiona kidole cha Fundi kimeukaribia sana msumeno, alivuta ubao kwa upande wake, na mkono ukafuata. Walifanya kazi hivyo mwaka na zaidi, kila mmoja akimficha mwenzake jambo ambalo wote wawili walilijua, na vitanda vilivyotoka gerejini humo vilikwenda Wundanyi, vikaenda Marungu, na hakuna mteja aliyerudisha hata kimoja. Mimi nilikuwa nimechoka kwa niaba yao. Nilikuwa nikiuona mwanga wa balbu ukififia, najua yule bwana anasukuma chuma asichokiona, na yule bibi anatazama mikono minne kwa macho mawili.

Siku yenyewe ilikuwa mchana wa joto, wakipasua ubao mrefu wa kitanda cha mwalimu wa Marungu. Nilikuwa nyumbani. Nikasikia mlio ukibadilika, ukakwama, ukakatika, kisha kimya. Haukupita muda Mama Wakesho akatokea mlangoni kwangu, mkono wa kushoto umefungwa ndani ya leso, uso umekuwa rangi ya majivu. Ubao ulikuwa na fundo, ukaruka. Akanyoosha mkono kuuzuia usimrudie mumewe kifuani. Kidole cha shahada kilikuwa kimekatika kwenye kiungo cha kati. Alikuwa amemwambia Fundi kwamba kibanzi kimemchoma, anakwenda kwa Sista akitoe.

Tulikwenda hospitali, akashonwa. Hakulia. Aliponiona najiandaa kurudi nyumbani aliniomba nimwambie mumewe kwamba amepanda Bura kwa Wakesho, kuna mjukuu anaumwa. Nikamwambia hilo sitaweza. Nitasema yuko hospitali na ni mzima. Mengine ni yake.

Fundi nilimkuta amechutama kando ya mashine. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona mwili wake uko chini hivyo. Alikuwa akichota unga wa mbao kwa viganja, akiusugua kati ya vidole.

"Sista, huu umelowa," alisema. "Ni damu?"

"Ni damu."

"Nyingi?"

"Muulize mwenyewe, Fundi. Yuko hospitali, mzima. Atakuambia."

Hakumuuliza. Mama Wakesho alirudi, mkono umefunikwa kwa leso, akasema kidonda kidogo, kitapona. Fundi akaitikia kwamba kitapona. Mtu huyu aliyepima sakafu kwa kidole, aliyejua unene wa ubao kwa kuubana, hakuunyooshea mkono ule mkono wake. Nadhani aliogopa kipimo atakachokipata. Mashine ilinyamaza. Taa zetu zikawaka vizuri mtaa mzima, na watu wakafurahi bila kujua sababu.

Wiki hizo aliketi. Aliketi kwenye stuli mlangoni mwa gereji, mikono juu ya magoti, na wapita njia wakamsalimu akaitikia kwa kuchelewa. Kisha asubuhi moja, natoka kwenda zamu, akaniita kupitia michongoma na kuniuliza wale madaktari wa macho wanakuja lini.

Walimfungua jicho moja. Nilikuwa wodini bandeji ilipotolewa. Wakamvika miwani, ile minene mizito ambayo walikuwa wakiwapa waliopasuliwa enzi zile, inayokuza kila kitu. Akatazama dirisha. Akanitazama mimi, akasema alidhani mimi ni mnene zaidi. Kisha akamgeukia mkewe, aliyekuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mkono wa kushoto ndani ya leso.

"Lete huo mkono," akasema.

"Pumzika kwanza, Baba Wakesho."

"Lete."

Akaufunua. Fundi akaushika kwa mikono yake miwili, akausogeza karibu na ile miwani, akautazama muda mrefu sana, juu na chini, kama anavyotazama ubao kabla ya kuukata.

"Ni mimi," akasema.

"Ni ubao," akasema mkewe. "Ubao ulikuwa na fundo."

Wakaketi hivyo mpaka mhudumu akaleta uji.

Muda si mrefu nikahamishiwa Taveta, nikakaa huko miaka. Habari zao nilizipata kwa vipande: kwamba Fundi ameanza kazi tena, kwamba jiko limeezekwa, kwamba Mama Wakesho ameacha soko kwa sababu ya miguu. Nilirudi Voi kwa likizo miaka ya themanini ikiwa katikati, nikaenda kuwaona. Kabla sijafika niliona taa ya duka la kona ikififia, nikajua yuko kazini.

Alikuwa amezeeka, amekonda, miwani imefungwa nyuma ya kichwa kwa uzi wa katani. Alikuwa anapasua vipande vya miguu ya viti, peke yake. Mbao ndefu alikuwa hazipokei tena, alisema, wenye nazo waende kwa vijana. Alifurahi kuniona kwa namna yake, yaani hakuizima mashine. Nikasimama kando kumwangalia. Mkono wake ulikuwa bado mzuri, lakini pumzi ilikuwa fupi, na kila kipande kilipopita alijishikilia kwenye meza kidogo kabla ya kuchukua kingine.

Mama Wakesho akaja, taratibu, akiburuta miguu, na sufuria tupu mkononi. Mara tu kivuli chake kilipoingia mlangoni, Fundi akagonga swichi. Akasimama, mikono amejishikia mgongoni, akangoja mpaka msumeno ukaacha kuzunguka kabisa, mpaka hata mlio wa mwisho ukafa. Mkewe akapita mpaka kwenye rafu ya nyuma, akapapasa hiki na kile, akaweka sufuria, akaichukua tena, akatoka. Fundi akafuta jasho, akavuta pumzi, akawasha.

Nilimfuata mama jikoni. Tukaketi, akanimenyea chungwa kwa ule mkono wa vidole vinne ambao sasa ulifanya kazi yote bila kusita. Nikamwambia nimeona jinsi Fundi anavyozima.

"Huwa hivyo kila nikiingia," alisema. "Tangu alipoanza tena. Hata awe katikati ya ubao. Wateja wanalalamika, kazi ya siku moja inakwenda wiki."

Nikamuuliza kwa nini basi asimwachie kazi yake, na alikuwa anatafuta nini kule nyuma.

Akanipa kipande cha chungwa, akatega sikio kuelekea gerejini, ambako mota ilikuwa ikinguruma.

"Sitafuti kitu, Sista," alisema. "Nikimwambia apumzike hasikii."

Akangoja kidogo, akaweka ganda la chungwa chini, akajishika magoti akainuka, akachukua ile sufuria tupu, akatoka tena.